Speke Mlimani, Baluku Daftarini

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera, akiiacha njia ya Mbarara pale Kikorongo na kuelekea magharibi mpaka afike kwenye mpaka wa Kongo, huwa na milima ya Rwenzori mkono wake wa kulia mwendo mzima, ingawa aghalabu haoni ila miteremko ya chini, kwa kuwa vilele vimejitanda mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Vilele hivyo, katika ramani zilizochapishwa tangu safari ya Luigi Amedeo wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyeupanda mlima huo mwaka 1906, vimepewa majina ya watu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na Luigi di Savoia mwenyewe. Matatu ya mwanzo ni majina ya ukoo ya Kiingereza, na kwa sadfa ya ajabu kila moja lina chimbuko lake mbali na la wenziwe: moja ni la mahali, moja ni la lakabu, na moja ni la kazi. Na chini ya vilele hivyo, katika mashamba ya kahawa na katika soko la Mpondwe, wanaishi Wakonzo, kaumu ambayo kwa mila yake haikuwa na jina la ukoo la namna hiyo hata moja, bali ilikuwa na mpango mwingine kabisa wa kuwaita watu, mpango uliokamilika na wenye mantiki yake. Haielekei kuufahamu mmoja wa mipango hiyo pasipo kuutazama wa pili. Basi na tuanze na Speke, maadamu katika yale matatu ndilo adimu.

Wana wa Stanley na wana wa Baker wametapakaa katika kila mji wa Uingereza, lakini mtu aweza kuishi London umri wake wote asikutane na Speke hata mmoja. Wataalamu wa majina hulirudisha kwenye Kifaransa cha kale kilichoingia kisiwani pamoja na Wanormani waliomfuata William mwaka 1066, nao husema kwamba asili yake ni kigogota, yule ndege atoboaye miti kwa mdomo wake. Ilikuwa ada ya zama zile kumpachika mtu lakabu ya mnyama au ya ndege, ama kwa umbo la pua yake, ama kwa sauti yake, ama kwa mzaha ambao sababu yake ilisahauliwa kabla ya mjukuu kuzaliwa. Na lakabu hiyo, mwenyewe alipopata ardhi, iliandikwa katika hati ya kumilikia ardhi ile, na ilipokwisha kuandikwa haikufutika tena. Kabaila mashuhuri wa kale mwenye jina hilo ni Walter Espec wa Helmsley, kaskazini mwa Uingereza, aliyeanzisha nyumba ya watawa ya Rievaulx mwaka 1132, na aliyesimama miongoni mwa wakuu wa jeshi lililowashinda Waskochi mwaka 1138. Hakuacha mwana wa kumrithi. Mali yake iligawanywa kwa dada zake watatu, nao walikuwa wamekwisha kuolewa katika nyumba za majina mengine, hata ardhi ikabaki na jina likaondoka.

Jina hilo lilidumu kusini-magharibi, katika majimbo ya Devon na Somerset, ambako akina Speke walikaa karne baada ya karne wakiwa makabaila wa daraja ya kati, si wakubwa wa kutajwa katika kila kitabu cha tarehe, wala si wadogo wa kusahauliwa. Kijiji cha Brampford Speke kilichukua jina lao. Katika kanisa kuu la Exeter mna kijikanisa cha John Speke, aliyefariki mwaka 1518. Na huko Ilminster, mwaka 1685, Charles Speke alinyongwa kwa hatia ya kumuunga mkono Monmouth, aliyeasi kwa kutaka kiti cha enzi. Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila Speke ametoka katika shina hilo, kwa kuwa karibu na Liverpool pako mahali paitwapo Speke, penye jumba la kale, na jina la mahali pale lina asili yake mbali isiyohusiana na ndege yeyote. Ndivyo yalivyo majina adimu: mtu huyadhania kuwa na mzizi mmoja kwa sababu ya uchache wa wenye nayo, kumbe uchache si hoja ya umoja.

John Hanning Speke, ambaye kwa ajili yake kilele cha Rwenzori kimeitwa hivyo, alizaliwa mwaka 1827 katika Devon. Hilo jina lake la katikati, Hanning, lilikuwa la ukoo wa mama yake, maana Waingereza wenye mali walikuwa na hila hiyo ya kuliokoa jina la upande wa kike lisipotee, wakilibandika katikati ya majina ya mtoto. Alifika pwani ya kusini ya Nyanza mwaka 1858, akarudi akapita Karagwe na Buganda, na mwaka 1862 akayaona maji ya Nile yakitoka ziwani. Lakini Rwenzori hakuikanyaga kamwe. Alikufa mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika mawindo, akiwa hana mke wala mtoto. Miaka arubaini na miwili baadaye Mwitalia akaliweka jina lake mlimani penye urefu wa mita 4,890, juu ya watu waliokuwa hawajapata kumsikia.

Stanley ni kisa cha namna nyingine. Jina lenyewe ni la mahali, maana yake uwanda wa mawe uliofyekwa miti, na ukoo wa kikabaila wenye jina hilo ni miongoni mwa koo kubwa za Uingereza. Lakini mtu ambaye kwa ajili yake kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,109, kimeitwa hivyo, hakuwa na tone la damu yao. Alizaliwa Denbigh, katika Wales, mwaka 1841, mama yake akiwa hajaolewa, akaandikwa John Rowlands. Na jina la Stanley alilichukua ujanani huko New Orleans kutoka kwa mfanyabiashara aliyeitwa Henry Hope Stanley. Kwa hiyo jina la ukoo lililo juu ya majina yote ya Rwenzori ni la kuazima. Sisemi hivi kwa kumdharau, kwani mambo mengine ya kumlaumu yapo tele. Nasema kwa kuwa jambo hilo lafichua kitu ambacho nasaba za vitabuni hupenda kukificha, yaani jina la ukoo halithibitishi damu, huthibitisha maandishi.

Baker halina haja ya maelezo marefu. Mwoka mikate alikuwapo katika kila mji, na kila mji ukawazaa akina Baker wake wasiojuana na wengine, ndiyo maana jina hilo halitakuwa adimu abadan. Na Wakonzo wamekuwa na jina lao la mlima ule, Kiyanja, tangu kabla ya Baker yeyote kuandikwa kwenye ramani. Lakini msomaji asiyapite hivi hivi maji yaliyo mashariki ya mji wa Kasese, Ziwa George, lililopewa jina la mwana wa mfalme aliyekuja kutawala kwa jina la George wa Tano. Huyo alikuwa na nchi robo ya dunia, na hakuwa na jina la ukoo la kutumia kila siku mpaka mwaka 1917, alipoona kwamba jina la Kijerumani la nasaba yake halifai wakati wa vita na Wajerumani, akaamua kwa tangazo kwamba yeye na wazawa wake wataitwa Windsor, jina la ngome yao. Hata mbuga ya wanyama inayopakana na Kasese, iliyopewa mwaka 1954 jina la mjukuu wake Elizabeth, yamkumbuka mwanamke ambaye jina lake la ukoo lilikuwa na umri mdogo kuliko reli ya Uganda.

Basi jina la ukoo la Kiingereza si kitu cha tangu azali. Lilisimama imara kati ya karne ya 12 na ya 15, kwanza kwa makabaila wenye ardhi na hatimaye kwa makabwela, na waliolisimamisha walikuwa makarani: kodi ya kichwa ya miaka ya 1377 hadi 1381 ilitaka kila mlipaji aandikwe, amri ya mwaka 1538 ilitaka kila kanisa liwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko, na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1837 ikayatia hayo yote mikononi mwa serikali. Maadamu jina lilishuka kwa wana wa kiume peke yao, lilikuwa katika hatari ya kufa kila lilipofika kwa baba mwenye mabinti tu. Mwaka 1874 Francis Galton na kasisi Henry William Watson walichapisha hesabu ya jambo hilo, wakionesha jinsi majina yanavyoweza kutoweka kwa bahati tupu, pasipo tauni wala vita, na hesabu hiyo imekuja kutumiwa hata na wataalamu wa viumbe na wa atomu. Jina la Walter Espec lilikufa hivyo, na la mvumbuzi wetu lisingekuwa na wa kulibeba kama asingekuwa na ndugu.

Watu wa pwani walikuwa na njia yao ya katikati: mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el Murjebi ataja jina lake, la babake, na la kabila lake, mnyororo ambao mtu aweza kuuvuta hadi babu wa saba akitaka, ilhali ulimwengu ukamjua kwa lakabu, Tippu Tip. Mpango wa Wakonzo haukufuata njia ya Waingereza wala ya pwani.

Kwa Wakonzo mtoto huitwa kwa hesabu ya tumbo la mama yake. Mwana wa kwanza wa kiume ni Baluku, ama Mumbere. Wa pili ni Bwambale. Wa tatu Masereka. Wa nne Kule. Wa tano Thembo. Wa sita Mbusa. Wasichana wana safu yao, inayoanza na Masika, nao humo wamo akina Biira, Kabugho, Mbambu na Ithungu. Muhindo ni mtoto aliyekuja kuigeuza safu, mvulana baada ya wasichana au msichana baada ya wavulana, na mapacha wana majina yao maalumu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba aitwa Kule, amekwisha kukueleza kwamba mama yake alipata kumzaa Baluku, na Bwambale, na Masereka kabla yake, kwamba anao kaka ambao neno lao latangulia lake, na kwamba huyo mama si wa kuulizwa kama ana uzazi. Speke akikuambia kwamba aitwa Speke, amekueleza tu kwamba baba yake aliitwa Speke.

Tofauti iliyopo ni ya kinachoulizwa. Jina la Mwingereza lajibu swali la ardhi: mali hii ni ya nani, na baada yake itakuwa ya nani? Jina la Mkonzo lajibu swali la nyumba: u wa ngapi, na katika nyumba ya mama gani? Baba mwenye wake watatu aweza kuwa na Baluku watatu, na hakuna dosari katika hilo, kwa kuwa kila Baluku ni wa kwanza kwa mama yake. Habari za nasaba ya baba hazikuachwa. Zilihifadhiwa katika koo, ambazo Wakonzo wanazo nyingi, Abaswagha, Abasu, Abahira, Abathangi na nyinginezo, na wenye ukoo mmoja hawaoani. Walakini ukoo haukuwa sehemu ya jina. Ulikuwa wa kuulizwa wakati unapohitajiwa, hasa posa inapoletwa, na mtu aliyekuwa hawezi kuutaja ukoo wake na wa mama yake alikuwa hana cha kuijibu posa hiyo.

Na pale nyumba moja haikutosha kumtambulisha mtu, kilimani na nje ya kilima, palikuwa na jina la pili, ambalo ni lake peke yake. Wazee waliowaongoza Wakonzo kuupinga utawala wa ufalme wa Tooro na wa Waingereza, wakanyongwa mwaka 1921, wakumbukwa kwa majina ya Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, wala hakuna katika hayo la kuhesabu uzazi. Isaya Mukirania, mwalimu aliyekuwa kiongozi wa harakati ya Rwenzururu iliyojitangaza mwaka 1962 kuwa imejitenga na Tooro, aliyetawala kwa jina la Kibanzanga hata alipofariki mwaka 1966, hakumbukwi kwa nafasi yake katika tumbo la mama yake bali kwa majina yaliyomtenga na watu wengine wote.

Mwanawe aliyemrithi ametia mambo haya yote katika jina moja, na ningependa kulikalia kidogo. Omusinga, yaani mfalme, wa Rwenzururu aitwa Charles Wesley Mumbere. Mumbere ni jina la mwana wa kwanza. Charles Wesley, aliyeishi kati ya 1707 na 1788, alikuwa Mwingereza mtunzi wa nyimbo za dini, ndugu wa John Wesley aliyeuasisi Umethodisti, na Wesley lenyewe ni jina la ukoo la mahali, uwanda wa magharibi uliofyekwa. Ukoo huo ulikuwa na tawi la Ireland lenye mali na lisilo na mrithi. Mwaka 1728 mali hiyo ilimwangukia Richard Colley kwa sharti la kujiita Wesley, na wazawa wake, mwishoni mwa karne hiyo, wakaliandika Wellesley ili lionekane la kale zaidi, na mmoja wao akawa yule jemadari Wellington aliyemshinda Napoleon. Jina lililowahi kubebwa na kasisi kwa kuzaliwa, tena na kabaila kwa sharti la urithi, mlimani Rwenzori limekuwa jina la kupewa, likitanguliwa na jingine la kupewa, na linalofuata, ambalo karani wa Marekani alipomhudumia mfalme huyo katika miaka yake ya ughaibuni lazima alilidhania kuwa la ukoo, ni la hesabu ya watoto. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake, na katika sherehe za Kasese za tarehe 19 Oktoba 2009 hakuna aliyeliona jina lake kuwa geni.

Shida ilianza pale daftari lililotengenezwa kwa ajili ya akina Baker lilipofunguliwa mbele ya akina Baluku. Kanisa liliongeza jina la ubatizo. Serikali ya kikoloni ikataka orodha ya walipa kodi. Na Kilembe ilipoanza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, pakawa na orodha za mishahara. Karani mwenye safu mbili, ya jina la dini na ya jina la pili, alijaza safu ya pili kwa jina la uzazi, na matokeo yake ni rahisi kukisia: John Baluku na John Baluku na John Baluku, kila mmoja wao akiwa ni wa nyumba tofauti na hata wa ukoo tofauti, na ndugu zao wa tumbo moja wakisomeka kama watu wasiohusiana. Jina lililokuwa na ufasaha kamili ndani ya ua likawa bubu ofisini, na wapo waliosema kwamba Wakonzo hawana majina ya kutosha. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikuwa ya kuulaumu ufunguo kwa kutofungua mlango ambao haukuchongewa.

Ng'ambo ya mto Lubiriha, kwenye mpaka ambao Waingereza na Wabelgiji waliafikiana mwaka 1910 pasipo kuwauliza wenyewe, ndugu zao Wanande wana safu ile ile kwa matamshi mengine: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa. Lakini huko mambo yalichukua mkondo wa namna nyingine. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo mwaka 1972, kila raia wa Zaire alilazimika kusimama kwa majina ya kienyeji matupu, na Mnande aliyenyang'anywa jina la ubatizo alijaza pengo kwa kuliweka jina la uzazi mbele na jina jingine la nyumbani nyuma yake, na jina la dini liliporudi likawa la tatu. Ndiyo maana mwanasiasa kama Julien Paluku Kahongya, aliyekuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini, hatatanishi na Paluku mwingine. Na ndugu wawili wa siasa za Beni na Butembo, Enoch Nyamwisi Muvingi na Antipas Mbusa Nyamwisi, waonesha hatua ya mbele zaidi: jina Nyamwisi lawakusanya, ilhali Mbusa lamweka mmoja wao katika nafasi yake ya sita. Hapo Mkonzo wa Bwera aweza kumwonea gere binamu yake wa Kasindi, kwa kuwa mpango huo umepatanisha nyumba na ofisi pasipo kuiua nyumba.

Upande wa Uganda upatanisho umekwenda kwa njia nyingine, ambayo yaelekea kushinda. Tangu uandikishaji wa raia wa mwaka 2014 na sheria ya mwaka uliofuata, kila mtu hujaza fomu yenye nafasi ya jina la ukoo, na mabadiliko ya jina baada ya hapo yana gharama na utaratibu mrefu. Wazazi wa mjini, wakikumbuka usumbufu wa kuthibitisha kwamba Masereka huyu ni mtoto wa Bwambale yule, huanza kumwandika mtoto kwa jina la baba. Mabinti nao hubeba jina la baba au la mume: Loice Bwambale, aliyekuwa mbunge mwanamke wa Kasese, amejulikana nchi nzima kwa jina ambalo kwa mila ni la mwana wa pili wa kiume. Jambo hili si la Wakonzo peke yao. Huko Ghana, Mensah lilikuwa jina la mwana wa tatu, na leo ni jina la ukoo la maelfu ya watu ambao hawana habari wala haja ya kujua nani katika babu zao alizaliwa wa tatu.

Wako wanaolia kwamba huo ni mwisho wa mila, na kilio chao kina haki yake, kwa kuwa jina likiisha kurithiwa haliwezi tena kuhesabu. Lakini hesabu yenyewe inabadilika kwa sababu nyingine isiyo na uhusiano na fomu yoyote. Mpango wa Wakonzo hauogopi kile alichokihesabu Galton, kwa kuwa hakuna Baluku anayeweza kuwa wa mwisho. Mama yeyote apatapo mvulana wa kwanza humzalisha Baluku upya, hata kama Baluku wote waliomtangulia wamekufa bila wana. Unachokiogopa ni uzazi kupungua. Mwanamke wa Uganda alikadiriwa kuzaa watoto 6.9 katika uchunguzi wa mwaka 2000 na 2001, na 5.2 katika ule wa mwaka 2022. Na nyumba yenye watoto watano au wanne, wavulana na wasichana wakichanganyika, ni nadra kufika hata kwa Kule. Baluku na Bwambale, Masika na Biira, watazidi kujaa madarasani Bwera, na Thembo na Mbusa watapungua, pasipo mtu kuwakataza.

Atakapozaliwa mtoto wa pekee wa kiume kwa baba aitwaye Mbusa, mila itamwita Baluku, na jina la babake, lililowataka wana watano watangulie, litakuwa limefika ukingoni katika nyumba ile. Fomu ya serikali, isiyojua wala kujali, itamwita Mbusa, na jina litaendelea kuishi kwake kama Speke lilivyoendelea kuishi Somerset, likiwa adimu, na likiwa limekwisha kuacha kumaanisha sita.